Bushi ya kioo cha gari la zamani: kipande kidogo kinachoshindwa na hewa ya bahari

Kioo cha gari la zamani kikizama ndani ya mlango, lawama ya kwanza huiangukia mashine ya kioo, yaani ile ya ndani ya mlango inayokipandisha na kukishusha. Fundi hufungua kava, hutikisa mkono wa mashine, hupaka grisi, kisha humwambia mwenye gari atafute mashine nyingine Dar es Salaam. Mara nyingi mashine haina kosa. Kilichokufa ni kipande cha plastiki chenye ukubwa wa kifungo cha koti, kinachokaa baina ya ncha ya mkono wa mashine na reli iliyofungwa chini ya kioo. Mafundi wetu hukiita bushi, jina lile lile la bushi za springi na za chini ya gari. Kwa kuwa kipande hiki hakibebi gari wala hakiligusi gurudumu, hakuna anayekiwekea akiba.

Mimi nilianza kukishughulikia kwa ajili ya Datsun ya ami yangu wa Wete, Pemba, gari la milango minne alilonalo tangu miaka ya sabini. Vioo viwili vilikuwa vimeegemezwa kwa vijiti vya mkarafuu ndani ya mlango. "Mwanangu," aliniambia, "gari hili lilivuka na meli lina vioo vinne, na mimi nataka niliache na vinne." Nikampelekea bushi mpya za nailoni, nyeupe, safi, zimo kwenye mfuko wake. Hazikumaliza msimu mmoja wa masika. Mwezi wa Aprili kioo cha dereva kilianza kukaza, ami akawa anakisaidia kwa kiganja cha mkono, na siku moja kikatoa mlio mkavu kikazama. Nilipofungua mlango nilikuta mdomo wa bushi, ule ukingo mwembamba unaoshika pini ya mkono, umepasuka, na hata vipande vilivyobaki vilikuwa vimekaba ndani ya reli. Kitu kipya kufa hivyo ndani ya miezi michache kulinikera sana, nikataka nielewe kisa chake mpaka mwisho. Nilichokielewa ndicho ninachokieleza hapa, pamoja na namna ya kutengeneza bushi bora kuliko ile iliyotoka kiwandani.

Tuanze na kazi yake. Mkono wa mashine ya kioo umeshikwa kwa pini upande mmoja, kwa hiyo ncha yake haiwezi kupanda wima. Huchora upinde, kama mkono wa mtu anayepepea jiko la mkaa. Kioo nacho hakijui upinde. Kimebanwa na mifereji miwili ya pembeni na njia yake ni moja, juu na chini. Safari mbili zisizofanana zinatakiwa zikutane mahali pamoja kila wakati. Waliobuni walilitatua hilo kwa kufunga reli ya mlalo chini ya kioo, ili ncha ya mkono iteleze ndani yake, ikienda pembeni kila upinde unapoitaka iende pembeni. Chuma kikiteleza juu ya chuma hupiga kelele na hulana, ndipo pakawekwa bushi.

Hesabu yake ni ya skuli. Tuseme mkono una urefu wa milimita 300, na unazunguka kutoka nyuzi 40 chini ya mlalo hadi nyuzi 40 juu yake. Kioo kitapanda kiasi cha milimita 386. Katika kupanda huko ncha ya mkono itasogea pembeni milimita 70, ikipita katikati itarudi milimita 70 zile zile. Kufungua na kufunga kioo mara moja tu, basi, ni kuisugua bushi kwa milimita 280. Anayefungua na kufunga mara nne kwa siku huiburuza bushi zaidi ya mita 400 kwa mwaka. Kwa miaka 50 ni kilomita 20, zaidi ya nusu ya njia ya kutoka mjini Unguja hadi Jozani, na njia yote hiyo imekwenda ikiburuzwa huku imebeba uzito wa kioo. Mwenye gari akisema "hiki kimekufa bure", mimi simkubalii. Kimefanya kazi.

Magari mengine yana mikono miwili iliyopishana kama mkasi, kila ncha na bushi yake. Mengine yana mkono mmoja na bushi moja au mbili. Land Rover za zamani hazina habari hii kabisa, kwani kioo chake husukumwa kwa mkono kwenda mbele na nyuma.

Sasa ulegevu. Bushi ikilika, kioo hakishuki tu, bali huinama. Chukua kioo chenye upana wa milimita 600, kimebebwa na bushi mbili zilizoachana milimita 150. Bushi moja ikiwa na ulegevu wa milimita 2 kuliko mwenzake, tofauti hiyo huzidishwa mara nne kufikia ncha za kioo: upande mmoja utakuwa juu ya mwingine kwa milimita 8. Hapo kona ya kioo inauma mfereji wa pembeni. Kila mtu amewahi kuvuta mtoto wa meza kwa kushika upande mmoja tu: ukivuta hukaba, ukivuta kwa nguvu hukaba zaidi. Kioo kilichoinama ni hivyo hivyo. Mtu huzungusha kishikio kwa nguvu, nguvu yote inakwenda kwenye mdomo mwembamba wa bushi, mdomo unapasuka. Kwa hiyo ulegevu huzaa mkabo, na mkabo huzaa mpasuko.

Lakini bushi za ami hazikuwa zimelika. Zilikuwa mpya. Zilianzia kwenye mkabo moja kwa moja, na hapa ndipo visiwa vyetu vinapoingia katika kisa.

Nailoni ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1935 katika maabara ya kampuni ya DuPont ya Marekani, na timu ya mkemia Wallace Carothers. Ni plastiki ngumu, inateleza, inastahimili joto, na viwanda vya magari viliipenda kwa haki. Tabia yake moja haionekani kwa macho: inakunywa maji. Molekuli zake zina sehemu zinazoyavuta maji na kuyashikilia. Nailoni ya aina ya 66 ikiachwa kwenye hewa yenye unyevu wa nusu tu, yaani asilimia 50, hubeba maji kiasi cha asilimia 2.5 ya uzito wake. Ikizama majini mpaka ikashiba hufika kama asilimia 8.5. Na kinachokunywa huvimba. Bushi ya kipenyo cha milimita 16 ikishiba inaweza kuongezeka kwa milimita 0.4 hivi. Kwenye karatasi ni kitu kidogo. Ndani ya reli ambayo nafasi iliyoachwa ni milimita 0.2, ni mwisho wa safari.

Mtu aliyeshika kapi la jahazi hatashangaa. Roda ya mbao, gurudumu linalopitisha kamba, ikilowa huvimba ndani ya kapi lake, ikikaa juani hunyauka na kupasuka, na fundi mzuri huikata akijua kwamba mbao haina kipimo kimoja. Nailoni haina nyuzi za mbao lakini kwa maji ina roho ile ile. Mbunifu aliyechora bushi ile kwenye nchi ya baridi kavu aliacha nafasi ya kumtosha yeye. Sisi tuna Kaskazi na Kusi, pepo mbili zote zinazotoka baharini, na tuna masika ambayo hujaza mlango wa gari maji kama matundu ya chini yameziba. Matundu hayo, nawaomba, yazibueni kabla ya jambo lolote lingine. Yako ukingoni mwa chini wa mlango, mawili au matatu, na aghalabu yamezibwa na rangi ya pili au ya tatu iliyopigwa bila kuangalia. Mlango wa dereva wa ami ulitoa karibu kikombe kizima cha maji mekundu ya udongo wa Pemba.

Sitaki nailoni ionewe. Maji hayo hayo ndiyo yanayoifanya isivunjike ovyo. Nailoni iliyokauka kabisa huwa kavu kama biskuti. Ndiyo maana wanaoijua huichemsha kwanza kwenye maji, wakaiacha ivimbe, kisha ndipo wakaikata kwa kipimo cha mwisho. Aliyeniuzia zile bushi hakuzichemsha, wala mimi sikujua.

Nilipowauliza mafundi, jibu la haraka lilikuwa shaba. "Kereza ya shaba, utaisahau." Ninaelewa wanakotoka, kwani shaba imetumika kwenye bushi tangu enzi za mashine za mvuke. Kwenye mlango wa gari la kisiwani nina sababu mbili za kuikataa. Shaba na chuma zikigusana kwenye unyevu wa chumvi, chuma ndicho kinacholiwa, na hapa chuma ni pini ya mkono na reli ya kioo, vitu visivyopatikana dukani. Sababu ya pili ni kubwa zaidi: kinachosuguana na kingine, kimoja lazima kilike, na mtengenezaji ndiye anayechagua kipi. Bushi ikiwa ngumu kuliko reli, italika reli. Mimi nataka alike yule ambaye naweza kumtengeneza tena kwa nusu saa.

Plastiki niliyoishia nayo ni asetali, ambayo DuPont ilianza kuiuza mwaka 1960 kwa jina la Delrin. Kwenye hewa ya kawaida hubeba maji kiasi cha asilimia 0.2 tu, na hata ikizama mpaka ikashiba haifiki asilimia 1. Inateleza vizuri juu ya chuma, ni ngumu, na hukatika kwa usafi kwenye mashine. Duniani huuzwa kwa fimbo na mabamba, nyeupe na nyeusi. Kwetu hupatikana kwa bahati: vipande vilivyobaki kwa wanaotengeneza mashine za boti, magurudumu ya mashine zilizokufa, meno ya mashine za ofisini. Hapo inakuja taabu ya kujua ulichokishika ni nini, kwa sababu plastiki nyeupe zote zinafanana, na muuzaji atakuambia ni Teflon.

Usiichome moto kuijaribu. Asetali ikiungua hutoa gesi ya fomaldehidi, inayowasha macho na koo na si ya kuvutwa. Tumia maji na chumvi. Kata kipande kidogo, kisafishe mafuta, kitumbukize kwenye maji baridi na kukisukuma mpaka chini ili mapovu yatoke. Kikielea ni jamii ya poliethilini, ile ya mbao za kukatia nyama. Kikizama, chukua maji mengine ukoroge chumvi mpaka ikatae kuyeyuka, kama gramu 360 kwa lita, uyaache yatulie. Maji ya chumvi kali namna hii yana uzito wa kama mara 1.2 ya maji matamu. Nailoni, yenye 1.14, itaelea humo. Asetali, yenye 1.41, itazama. Maji ya bahari hayatoshi kwa kazi hii, ni mepesi mno. Nailoni iliyochanganywa nyuzi za kioo nayo huzama, lakini utaitambua kwa kuikata: hutoa vumbi linalokwaruza na tupa hulalamika. Teflon ya kweli ni nzito kupita zote, 2.2, na ni laini hata ukucha unaacha alama. Teflon inateleza kuliko zote, ila chini ya mzigo hutambaa, leo iko hapa, kesho imejibana pembeni, kwa hiyo kwa bushi iliyobeba kioo haifai peke yake. Ubao wa kukatia nyama nao una kasoro ya kulegea chini ya mzigo. Nimeutumia kwa vipande vya kuongoza kioo pembeni, ambavyo havibebi uzito, na kwa kazi hiyo ni mzuri na bei yake ni ya kitoweo.

Ukishapata plastiki, jambo la hatari zaidi ni kipimo, na kosa la karibu kila mtu, pamoja na mimi mara ya kwanza, ni kuipima bushi iliyovunjika. Bushi iliyovunjika imelika upande mmoja, imevimba upande mwingine, na imepinda. Ukiinakili, umenakili maradhi. Pima nyumba yake: pini inayoingia ndani yake na reli inayoizunguka. Pini ipime kwa venia, kile kipimo cha meno mawili cha kupimia unene, mara tatu, ukiizungusha, kwa kuwa pini ya zamani si duara tena, imelika upande unaobeba kioo. Reli ipime mahali pembamba na mahali papana, urefu wake wote. Ikiwa tofauti ni chini ya nusu milimita, tengeneza bushi kwa kufuata pembamba. Ikiwa ni zaidi, reli imefumuka. Inyooshe kwanza kwenye jiriwa kwa nyundo ya mbao, ukiwa umeweka ndani yake kipande cha chuma bapa cha unene unaotakiwa.

Nafasi ya kuacha si ya kubahatisha. Mlango wa gari lililosimama juani Darajani unaweza kupanda kutoka nyuzi joto 25 za asubuhi hadi zaidi ya 60. Asetali hutanuka kwa joto kuliko chuma. Bushi ya milimita 16 ikipandishwa nyuzi 40 huongezeka karibu milimita 0.07. Weka na unyevu, milimita 0.03. Jumla ni moja ya kumi ya milimita. Ukiacha nafasi ya milimita 0.2 baina ya bushi na reli, wakati mbaya kuliko yote utabakiwa na milimita 0.1, nayo inatosha kuteleza bila kukaba wala kugonga. Hesabu hiyo hiyo kwa nailoni ingekudai zaidi ya milimita nusu, na nusu milimita wakati wa kiangazi ni kioo kinachogongagonga kila shimo la barabara.

Kubadilisha plastiki peke yake ni nusu ya kazi. Umbo la asili lina makosa yake, na hapa ndipo mtu mwenye tupa na subira anaweza kukishinda kiwanda.

Bushi ya asili ya Datsun ya ami ni kitufe cha duara chenye tundu katikati. Pini ya mkono ina kichwa cha mviringo kinachosukumwa kwenye tundu mpaka kitoe mlio wa kuingia, na mdomo mwembamba wa plastiki ndio unaokizuia kisitoke. Kiwandani ni jambo zuri: mfanyakazi anasukuma mara moja, gari linalofuata. Ila mdomo huo ni mwembamba mno na chini yake pana kona kali ya ndani. Kila plastiki iliyobanwa hupasukia kwenye kona kali, kwa sababu nguvu iliyotakiwa igawanyike hukusanyika pale. Kata kitambaa kidogo ukingoni kisha ukivute, utaona kinapasukia wapi. Dawa ni kuilainisha kona ya ndani iwe na mviringo wa nusu milimita hadi milimita 1, na kuuongezea mdomo unene kadiri reli inavyoruhusu. Pini ikiwa ndefu ya kutosha mimi huenda mbali zaidi: huacha kabisa kutegemea mdomo, nikachimba kijifereji kwenye ncha ya pini na kufunga wosha na klipu ya pete. Bushi ikichoka, kioo hakizami, kinalegea tu, na mwenye gari anapata taarifa kabla ya msiba.

Kasoro ya pili ni ule uduara wenyewe. Kitufe cha duara ndani ya reli iliyonyooka hugusa kwa mstari mmoja mwembamba, na uzito wote wa kioo unakaa juu ya mstari huo. Isitoshe, kitufe kina kazi mbili kwa ngozi moja: kuteleza kwenye reli na kuzunguka mkono unapobadili pembe, nyuzi 80 katika mfano wetu wa mwanzo. Nimeacha kukereza vitufe. Natengeneza kiatu, yaani kipande cha mstatili, upana wa milimita 16 na urefu wa milimita 25, ncha zake zimeviringishwa, na tundu la pini katikati. Kiatu hakizunguki. Kinalala sambamba na reli na kuigusa kwa uso mzima, huku pini ikizunguka ndani ya tundu lake. Kazi mbili zimepata sehemu mbili tofauti, na mzigo kwa kila milimita ya mraba umepungua sana. Kwa upande wa chini na wa juu huvunja kona zote kwa tupa ili kisichimbe mchanga wala kukwangua zinki ya reli, na katikati hupitisha mstari mmoja wa msumeno usiozidi nusu milimita kwenda chini, uwe hori la grisi.

Kiatu kina gharama yake. Ni kirefu kuliko kitufe, kwa hiyo kinafika mwisho wa reli mapema. Kabla ya kukata, fungua kava, pandisha kioo mpaka juu na ukishushe mpaka chini, ukitia alama kwenye reli kila pini inapogeukia. Kama kutoka alama hiyo hadi mwisho wa reli hapana milimita 13, fupisha kiatu. Mimi sikufanya hivyo kwenye mlango wa kwanza, na kioo kilisimama sentimita mbili chini ya fremu.

Kuhusu kutengeneza kwenyewe sina maneno mengi. Kukereza si kazi ngeni kwetu, miguu ya vitanda vya kizamani ni ushahidi, na aliye na mashine ya kukereza vyuma atakuta asetali ni tamu kuliko mninga: kisu kikali, mwendo wa wastani, bila mafuta, na nyuzi ndefu za takataka ambazo lazima uzitoe zisijizungushe kwenye kipande. Usikibane sana, kitakuwa duara kikiwa kimeshikwa na yai kikiachiwa. Kabla ya kupima kiache kipoe. Kiatu hakihitaji hata mashine: msumeno wa chuma, jiriwa, tupa, keekee na msasa vinatosha. Fundi mmoja wa Saateni aliyenifundisha kupiga tupa iliyonyooka aliipata shule hiyo kati ya Disemba 2009 na Machi 2010, Unguja nzima ilipokuwa haina umeme na mashine zake zimelala. Kwa tundu, jua kwamba plastiki hujikunja baada ya biti kutoka. Biti ya milimita 8 huacha tundu dogo kidogo ya 8, kwa hiyo toboa kwa biti ndogo, panua hatua kwa hatua, na ujaribie pini yenyewe kila hatua mpaka izunguke kwa vidole bila kutikisika.

Vijana wataniuliza kuhusu kuchapa kwa mashine ya 3D. Inafaa sana kwa kupata umbo la majaribio kabla ya kugusa asetali. Kuiacha ile ile iliyochapwa ndani ya mlango ni jambo jingine. Plastiki ya PLA inayotumika zaidi huanza kulegea karibu na nyuzi 60, joto ambalo mlango wetu unalifikia kabla ya adhuhuri, na kipande kilichochapwa hubanduka kwa matabaka yake. Wengine humimina poliurethani, plastiki ya majimaji inayoganda, kwenye kalibu ya silikoni. Hewa yetu ni adui wa kazi hiyo, kwa sababu moja ya dawa mbili zinazochanganywa hukutana na unyevu ikatoa gesi ya kaboni dioksidi, na bushi hutoka na mapovu kama andazi. Mvuke wa dawa hizo pia unadhuru mapafu.

Wakati wa kufunga, safisha reli kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, ikauke, upake grisi ya silikoni nyembamba. Grisi ya magurudumu hushika mchanga na baadaye huivimbisha mipira ya ukingoni mwa kioo. Mafuta ya nazi nimeyakuta kwenye milango mingi, na nayaelewa, yapo nyumbani. Lakini huganda chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi za kipupwe hushuka chini ya hapo. Baadaye yanachacha na kuwa gundi. Usioshe bushi ya asetali kwa jiki, kwani klorini huila polepole.

Boliti za reli usizikaze ukiwa umekishusha kioo. Zilegeze, pandisha kioo mpaka kikae sawa ndani ya fremu yake ya juu, kiache kijipange chenyewe, ndipo ukaze. Hatua hii ya dakika mbili huamua kama kiatu kitasukumwa sawasawa au upande mmoja. Kisha zungusha kishikio mara kumi ukisikiliza. Mahali kinapokuwa kizito, tia alama, fungua, utakuta kona ambayo hukuivunja au kibonyeo kwenye reli.

Gari la ami sasa lina viatu vya asetali kwenye milango mitatu. Wa nyuma kushoto tuliufunga bushi za nailoni, lakini hizi nilizichemsha mwenyewe na kuziachia nafasi ya milimita 0.6, ili tulinganishe. Masika yamepita. Ule wa nailoni haukukaba hata siku moja, nafurahi kusema, ila unagonga barabara yote ya kutoka Wete hadi Chake Chake, na ami amenitaka nikienda mara nyingine nimchukulie kiatu cha nne.